Uzoefu wangu na seti kamili ya klachi kwenye pikipiki ya porini yenye injini ya CG

Seti ninayoizungumzia ina pleti tano za msuguano, pleti nne za chuma, springi nne na gasketi (karatasi ya kuziba uvujaji) ya kava la kulia. Nimeifunga kwenye pikipiki ya porini ya Kichina ya cc 150 yenye injini ya ukoo wa Honda CG125, ile iliyotoka mwaka 1976 na ambayo sasa imejaa Afrika Mashariki nzima. Imeshatembea zaidi ya kilomita 3,000 kwenye udongo mwekundu wa milima ya Usambara, Tanzania, masika yakiwemo, na klachi haijateleza hata mara moja. Ni seti nzuri. Ila wanaoinunua bila kuihitaji ni wengi, na wanaoihitaji wengi huifunga vibaya kisha wakailaumu, kwa hiyo nitaanza na mambo ya kabla ya kufungua pochi.

Klachi inayoteleza unaijua mlimani. Uko gia ya nne, unavuta moto, injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki, na punde unasikia harufu ya kuungua. Hilo ni tofauti na klachi isiyoachia, yaani gia zinaingia kwa shida na huipati nyutro ukiwa umesimama. Kwa ugonjwa huo wa pili, pleti mpya peke yake mara nyingi hazisaidii; nitaeleza sababu mbele.

Kagua waya kwanza. Ncha ya mkono wa klachi inatakiwa iwe na uchezaji wa milimita 10 hadi 20 kabla ya waya kuanza kuvuta. Pleti zikilika, uchezaji huo unapungua wenyewe, na ukifika sifuri ni sawa na kuendesha umeshika klachi kidogo muda wote. Rekebisha kwa nati za chini kwenye injini, halafu malizia kwa ile ya kwenye usukani. Hakikisha pia waya unarudi: ukiwa umejaa tope au umekunjika, unaiacha klachi nusu wazi hata kama vipimo vyote ni sahihi.

Kisha oili. Klachi hii inaogelea ndani ya oili ya injini, hivyo oili ya gari yenye vipunguza msuguano inaitelezesha hata kama pleti ni mpya. Tafuta chupa yenye alama ya JASO MA au MA2, viwango vya Kijapani vya oili ya pikipiki. JASO MB ni ya skuta ambazo klachi yake haikai ndani ya oili. Ukiona chupa imeandikwa "Resource Conserving", yaani oili ya kuokoa mafuta, usiiweke humu. Viongeza vinavyouzwa kwa ahadi ya kulainisha injini navyo viache dukani. Ikiwa klachi ilianza kuteleza mara tu baada ya kubadilisha oili, mwaga hiyo, weka sahihi, tembea kidogo, kisha mwaga tena. Pleti ambazo hazijaungua huweza kurudi katika hali yake.

Waya uko sawa, oili iko sawa, bado inateleza? Hapo ndipo seti inapohusika.

Kabla ya kununua, fungua uhesabu. Injini hizi zinafanana kwa nje, lakini ndani kuna zenye pleti tano na zenye sita, na idadi ya springi nayo hutofautiana. Chukua pleti moja ya zamani uende nayo dukani, uilinganishe kwa kipenyo na kwa meno.

Kufungua kwenyewe si kugumu. Mwaga oili, toa waya wa klachi kwenye mkono wake juu ya kava, toa kiki, na kama breki ya mguu na kikanyagio cha kulia vinazuia, vitoe pia. Bolti za kava hazina urefu mmoja. Mimi huchora umbo la kava kwenye kipande cha boksi na kuchomeka kila bolti mahali pake. Kava likigoma, ligonge taratibu kwa nyundo ya mpira. Usichomeke bisibisi kwenye uso wa gasketi, maana mkwaruzo mmoja tu utavujisha oili milele.

Bolti nne za springi zilegeze kwa mshazari, nusu mzunguko kila moja, mpaka mgandamizo uishe. Sasa tunafika mahali pikipiki nyingi zinapoharibiwa. Kwenye injini hii presha pleti, ile inayozibana pleti nyingine, iko nyuma, upande wa ndani, kwa hiyo pleti hazitoki mpaka ufungue nati ya katikati. Nyingi zina nati ya mviringo yenye nafasi nne, nayo ina soketi yake maalumu. Soketi hiyo ni ya bei ndogo. Fundi anayeipiga nati kwa patasi anamwaga vipande vya chuma ndani ya injini, na vipande hivyo vinaelekea kwenye pampu ya oili. Kama hana soketi, peleka pikipiki kwingine. Kuizuia klachi isizunguke, weka kipande cha shaba laini kati ya meno ya gia ya kranki (shafti kuu ya injini) na gia ya klachi. Usiweke chuma.

Kabla ya kufunga, pima. Pleti mpya za msuguano zina unene wa karibu milimita 3, zikifika 2.6 mimi natupa. Kwenye seti hii vernia (kipimo cha unene) ilinipa kati ya 2.94 na 3.02, na tofauti hiyo inakubalika. Pleti za chuma zilaze juu ya kioo, kisha jaribu kupitisha fila geji (kijibati cha kupimia nafasi) ya milimita 0.20 pembeni. Ikipita, pleti imepinda. Katika seti yangu moja kati ya nne ilipinda, na duka likanibadilishia bila ubishi kwa sababu ilikuwa haijaguswa na oili. Kwa hiyo pima siku ileile ya kununua. Pleti za zamani zenye rangi ya buluu zimeungua na hazifai kurudishwa, hata kama zinaonekana nzima.

Tazama pia nyumba ya klachi, yaani kikapu kinachobeba pleti. Vidole vyake vya alumini huchimbika pale meno ya pleti yanapogonga. Vishimo vidogo unavisawazisha kwa tupa laini. Vikiwa virefu, pleti zinanasa humo na klachi haiachii. Ndiyo maana nilisema pleti mpya haziponyi kila ugonjwa. Na kwa kuwa kava limeshafunguliwa, fungua kile kikombe cha kuchuja oili mwishoni mwa kranki, skrubu tatu tu, utoe tope jeusi lililoganda humo. Sehemu kubwa ya tope hilo ni mabaki ya klachi ya zamani.

Loweka pleti za msuguano kwenye oili ileile utakayotumia, usiku kucha ikiwezekana, na kwa uchache saa moja. Ukizifunga kavu, zitaungua dakika za mwanzo. Panga: msuguano, chuma, msuguano, chuma, umalizie na msuguano. Pleti za chuma zina ukingo mkali upande mmoja. Zote zielekee upande uleule. Kisha hakikisha meno ya presha pleti yameingia sawasawa kwenye meno ya habu, yaani kitovu cha klachi. Yasipoingia, nati itakaza vizuri na kila kitu kitaonekana kimekaa, lakini pleti hazitabanwa. Hapo ndipo wengi husema seti ni feki. Bana kwa mkono: pleti zisicheze kabisa. Ile washa (pete bapa ya chuma) ya kufungia nati ikiwa na neno OUTSIDE, neno hilo likae nje.

Bolti za springi zifungwe kwa mshazari hadi Nm 10 au 12 (kipimo cha nguvu ya kukaza), si zaidi, kwa sababu zinaingia kwenye alumini na nyuzi zake huchanika upesi. Safisha mabaki ya gasketi ya zamani, rudisha pini mbili za kuelekeza, funga kava, jaza oili karibu lita moja. Pima kwa kijiti bila kukifunga kwa nyuzi, kiegemeze tu. Kisha rekebisha waya upya, kwa sababu ule uchezaji wa zamani hauhusiani tena na pleti hizi.

Springi za seti hii ni za ugumu wa kawaida, na ninaona hivyo ndivyo inavyotakiwa. Zinauzwa pia ngumu zaidi, na zinabana kweli, lakini mkono wa klachi unakuwa mzito na waya unalika haraka. Kwa mtu anayeshinda kwenye matope akicheza na klachi, uzito huo unachosha vidole kabla ya saa sita mchana. Kosa lingine ni kubadilisha pleti tu na kuacha springi za zamani. Zipange wima kwenye meza iliyonyooka pamoja na mpya, na ukiona zimefupika utaelewa kwa nini nasisitiza seti kamili. Nimejaribu pia pleti za bei ya chini zinazouzwa peke yake bila jina: tabaka lake la msuguano lilibanduka vipandevipande, na meno yalikuwa mapana mno mpaka yakahitaji tupa ili yaingie kwenye nyumba.

Kilomita 100 za kwanza nenda polepole, usipande mlima kwa moto wote. Zikiisha, kagua uchezaji wa waya tena, maana utakuwa umebadilika kidogo. Oili imwagwe kwenye kilomita 500. Na kama unapanda milima yenye mzigo kila siku, ongeza meno mawili au matatu kwenye sproketi ya nyuma. Utapoteza mwendo kidogo barabarani, lakini hutalazimika kushika klachi nusu kwenye kila kona ya mawe.