Pedo shifta za kufunga mwenyewe nyumbani: zipi ununue, zipi uziache dukani

Kabla hujatoa shilingi mfukoni, kaa kwenye gari lako, liwashe, kanyaga breki na uteremshe mkono wa gia hadi D. Sasa usogeze pembeni. Ukiingia kwenye kijia chenye alama ya kujumlisha na ya kutoa, na dashibodi ikakuandikia M1 au S4, endelea kusoma. Ukikuta baada ya D kuna 2 na L, au S na B kama zilivyo Toyota nyingi ndogo tunazoendesha, hela yako itunze ya matairi.

Naanzia hapo kwa sababu swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kaka, IST inaingia pedo?" Kuingia itaingia. Kufanya kazi ndiyo haitafanya. Pedo shifta ni swichi mbili tu nyuma ya usukani, ya kushoto kushusha gia na ya kulia kupandisha. Akili yote iko kwenye kontroo boksi ya giaboksi. Kama boksi hiyo haikutengenezwa kusikiliza amri ya kujumlisha na kutoa, hata ukifunga pedo za Ferrari utakuwa umefunga mapambo.

Na Ferrari ndio waliotuletea ugonjwa huu. Gari lao la Formula 1 la mwaka 1989, Ferrari 640, lilikuja na giaboksi ya kubadilishwa kwa vidole nyuma ya usukani. Kwenye majaribio lilikuwa likiharibika kila mara, halafu Nigel Mansell akaenda kushinda nalo mbio za kwanza za msimu, kule Brazil. Mwaka 1997 pedo zikaingia kwenye Ferrari ya barabarani, F355. Leo ziko kwenye Subaru ya mwalimu wa sekondari.

Sisi tusio na mbio tunazitaka za nini? Mimi nina jibu moja la kweli, nalo ni mteremko. Ukishuka Kitonga una lori la mafuta mbele na basi linakupumulia nyuma, kushusha gia mbili bila kutoa mkono kwenye usukani kunaifanya injini ishike gari, na breki zako zinafika chini zikiwa bado breki. Hivyo hivyo kwa anayeshuka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu. Hofu ya kuua injini kwa kushusha gia vibaya haina msingi sana, maana kontroo boksi hukataa amri ambayo ingeizungusha injini kupita kiasi. Unabonyeza, kinalia kimlio, gia inabaki pale pale.

Haya, madukani kuna nini? Nimezipanga kuanzia ninayoipendekeza.

Nafasi ya kwanza: virefusho, kama gari lako lina pedo tayari

Watu wengi wana pedo na hawajui, au wanajua na hawazitumii kwa kuwa ni vijiplastiki vifupi ambavyo kidole hakivioni ukikata kona. Ziko kwenye Subaru Legacy na Outback za CVT (giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua), Impreza kadhaa za 2012 kuja juu, Honda Fit RS ya CVT, Wish ya 2.0Z, Golf GTI. Kwa hawa, bidhaa ya kununua ni kirefusho kinachovishwa au kubandikwa juu ya pedo ya kiwandani. Hugusi waya hata mmoja. Hufungui eabegi. Ukikichoka unakibandua.

Vipo vya plastiki, vya alumini na vya kaboni. Wauzaji watakusukumia alumini kwa sababu inang'aa na ina uzito mkononi. Lakini egesha gari juani Dar mwezi wa Februari kuanzia saa nne hadi saa nane, kisha uishike hiyo alumini kwa vidole vitupu. Mimi nilirusha mkono kama niliyegusa sufuria. Kaboni halisi haichomi kiasi hicho, ila nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa ni plastiki iliyochapwa michoro ya kaboni. Plastiki nzuri nyeusi isiyong'aa ndiyo ninayoendesha nayo sasa, na sina malalamiko.

Kitu cha kupima kabla ya kulipa ni urefu. Kwenye magari ya Japani indiketa iko kulia, upande ule ule wa pedo ya kupandisha gia, na waipa iko kushoto. Kirefusho kikizidi, unataka kuonyesha unaingia kulia, kidole kinagonga pedo, gari linapanda gia katikati ya mzunguko wa barabara. Kata kipande cha boksi kwa umbo la kirefusho, kibandike kwa selotepu, zunguka nacho mtaani siku mbili. Watu watakucheka. Waache wacheke, wewe unapima.

Kubandika kwenyewe: safisha pedo ya kiwandani kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe, maana mafuta ya vidole ya miaka kumi yamejaa pale. Gundi ya pande mbili inayokuja na bidhaa ya bei rahisi itupe, nunua 3M VHB halisi. Kandamiza kwa nguvu, kisha usiiguse. Kwa joto la kawaida la chumba, baada ya dakika 20 gundi hiyo huwa imeshika karibu nusu tu ya nguvu yake. Hufika karibu asilimia 90 baada ya saa 24, na hukamilika baada ya saa 72. Wanaolalamika kwamba "zinabanduka" wengi wao walizivuta jioni ile ile.

Nafasi ya pili: pedo za kiwandani za mtumba, kutoka toleo la juu la gari lako

Hii ni kwa mwenye gari lenye kijia cha kujumlisha na kutoa ila usukani wake ni mtupu, huku ndugu yake wa bei kubwa alitoka kiwandani na pedo. Legacy ya kawaida na Legacy GT yenye SI-Drive (kitufe cha kuchagua ukali wa injini), kwa mfano, au Golf ya kawaida yenye DSG (giaboksi ya otomatiki ya klachi mbili) na GTI. Ikikaa sawa, hakuna inayoifikia kwa uzuri: mara nyingi unaweza kubonyeza ukiwa kwenye D, gari likakutii kwa muda kisha likarudi lenyewe kwenye D.

Tatizo ni lile neno "ikikaa sawa". Waya za pedo hupita kwenye klokspringi, ule utepe wa waya uliojikunja ndani ya plastiki ya duara chini ya usukani, unaoruhusu honi na eabegi kupata umeme usukani ukizunguka. Klokspringi ya toleo la chini pengine haina pini za pedo. Hapo unanunua pedo na klokspringi pia, na kwenye magari mengine kihisi cha pembe ya usukani kiko humo humo, kwa hiyo unapeleka gari kwenye mashine likakalibrishwe, la sivyo taa ya kuteleza haizimi. Kwenye Golf hata waya zikikaa, gari halitambui pedo hadi uingie na VCDS, programu ya kompyuta ya kuchunguza magari ya Volkswagen, kwenye moduli namba 16, ile ya usukani, na kulieleza kwamba sasa lina pedo.

Muuzaji atataka kukupa usukani mzima. Chukua, ila bila eabegi. Hili silipunguzi makali. Eabegi nyingi za magari ya Japani ya miaka ile zilitengenezwa na Takata, kampuni iliyofilisika 2017 baada ya vilipuzi vyake kurudishwa viwandani kwa makumi ya mamilioni. Viliharibiwa na joto na unyevu wa miaka, vikawa vinapasuka na kurusha vyuma usoni mwa dereva. Joto na unyevu. Soma tena, halafu fikiria stoo ya bati ya Mombasa au Tanga. Tumia eabegi yako mwenyewe, na gari lako nalo litafute kwa namba ya chesisi uone kama lilishaitwa kubadilishiwa.

Sasa, nyumbani inafanyika? Inafanyika, kama una spana sahihi na huna haraka. Nyoosha matairi. Toa terminali hasi ya betri kwa spana namba 10, kisha uiache. Toyota husema angalau sekunde 90. Mimi nakwenda kunywa chai kabisa, ndipo nirudi. Soketi za njano ni za eabegi, usizipime kwa multimita wala kuzijaribu kwa taa. Eabegi ikitoka iweke mezani uso ukiangalia juu, mbali na watoto. Weka alama ya kalamu kati ya usukani na shafti. Halafu ujanja alionifundisha fundi mmoja mzee: nati ya usukani ilegeze tu, usiitoe yote. Usukani uliokwama unavutwa kwa nguvu, na ukiachia ghafla bila nati unakuja na meno yako ya mbele. Ukishatoka, bandika klokspringi kwa selotepu isizunguke. Ikizunguka na ukafunga hivyo hivyo, siku utakayokata kona kali utepe utakatika, honi itanyamaza na taa ya eabegi itawaka.

Ukisoma aya hiyo mikono ikakutoka jasho, lipa fundi umeme. Si aibu.

Nafasi ya tatu, kwa mbali: seti zisizotumia waya

Ni vitufe au pedo vinavyobandikwa kwenye usukani, vyenye betri ya duara kama ya rimoti, na kipokezi kinachofichwa chini ya koni ya katikati. Kipokezi kinaungwa sambamba na swichi za mkono wa gia. Ukibonyeza, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inafunga, gari linadhani umesukuma mkono wa gia. Kwa wazo ni nzuri sana: eabegi hufungui, klokspringi hugusi. Kasoro yake ya kimaumbile ni kwamba inafanya kazi ukiwa umeshaweka gia kwenye M tu, yaani kwenye kile kijia cha kujumlisha na kutoa.

Nilinunua moja mtandaoni. Picha ilionyesha alumini, ikaja plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, nikasema potelea mbali. Kuunga kulinichukua Jumamosi nzima, nikapima kwa multimita nikaona swichi ya mkono wa gia inapeleka waya kwenye ardhi, yaani upande hasi wa umeme wa gari, nikaunga, ikakubali. Nilitamba nayo kama miezi mitatu. Kisha siku nashuka Kitonga na familia, nabonyeza kutoa, kimya. Nabonyeza tena, kimya. Mke wangu akaniuliza mbona napapasa usukani kama naufanyia masaji. Betri ilikuwa imekwisha na kifaa hakina hata kitaa cha kukuonya. Mkono wa gia ulikuwepo, tukashuka salama, lakini kile kitu nilichokinunulia mteremko ndicho kilichonikimbia mteremkoni. Muuzaji nilipomwandikia alinijibu kwa kidole gumba cha emoji.

Ukishikilia kuinunua, dai iwe na rilei kavu, yaani isiyotoa umeme wake bali inayofunga tu mzunguko, na uunge kwa kuchomea risasi na mpira wa kubana, si vile vibanio vya bluu vinavyokata waya nusu. Na kwenye magari mapya ambayo mkono wa gia unaongea na boksi kwa lugha ya data, si kwa swichi, seti hizi hazina pa kushika. Ukipima kwa multimita usione badiliko la wazi unaposukuma mkono wa gia, acha.

Za kuacha dukani

Usukani wa michezo usio na eabegi wenye pedo zake, hapana. Unatoa kitu kinachokuokoa uso ili upate kinachokupa raha ya vidole. Pedo za bandia za kubandika tu, zisizounganishwa na chochote, nazo zipo, na zina wateja. Hizo siwezi kukukataza, ni kama vibati vya "Turbo" kwenye gari lisilo na turbo.

Kwa anayekwenda kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo au Ilala kule Dar, au Kirinyaga Road ya Nairobi wiki hii: usiende na maneno "nataka pedo za Subaru." Nenda na picha tatu kwenye simu. Ya kwanza usukani wako kwa mbele. Ya pili mgongo wa usukani, tochi ikiwa imewashwa, uonekane kama kuna vifuniko vilivyoziba nafasi ya pedo. Ya tatu bati la chesisi lenye msimbo wa modeli. Muuzaji anayezitazama zote tatu kabla ya kutaja bei ndiye wa kununua kwake. Anayekuambia "inaingia tu hiyo" kabla hujafungua simu, mpite.