Uzoefu wangu: siku 12 kwenye gari la kulala, Cairns hadi Karumba na kurudi kwa pwani

Gari tulikodi Cairns, kaskazini mwa jimbo la Queensland, Australia, mwezi wa saba, msimu wa kiangazi huko. Ni ile basi ndogo iliyogeuzwa nyumba: nyuma kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, sinki, na friji ndogo yenye betri yake. Mdogo wangu anaishi Townsville na mimi nilikuwa nimetoka Dar kumtembelea. Tukapanga kupanda milima, kuingia nyikani mpaka Karumba kwenye Ghuba ya Carpentaria, kushuka Cloncurry, halafu kurudi baharini. Jumla ni zaidi ya kilomita 2,200. Ukiharakisha utaimaliza kwa siku tano. Sisi tulijipa 12, na kwa yeyote anayefikiria safari hii ushauri wangu wa kwanza ni huo: ongeza siku.

Gari lenyewe nililipenda. Godoro jembamba lakini mgongo haukuniuma hata siku moja, kiyoyozi kilifanya kazi, na kwa kuwa Australia wanaendesha kushoto kama nyumbani, sikuhitaji kuzoea chochote. Mkataba ndio uusome kwa utulivu. Wetu ulikataza kutoka kwenye lami, na ulikataza kuendesha nje ya miji baada ya jua kuzama. Ukikaidi, bima haikuhusu. Hilo la usiku nililiona ni ubahili wa kampuni. Jioni ya pili, tukikaribia Mount Surprise, kangaruu watatu wakatukatizia mbele ghafla, na wa mwisho alipita karibu na bampa kiasi kwamba niliyaona masikio yake. Tangu siku hiyo, ikifika saa kumi jioni tulikuwa tumeshaegesha. Kila mji mdogo una kambi ya magari yenye umeme, vyoo safi na maji ya moto.

Njia yenyewe inabadilika upesi mno. Ravenshoe, mji ulioko juu kuliko yote Queensland, asubuhi unahitaji sweta na msitu unatiririka maji. Unateremka kidogo tu, na tayari uko kwenye nyasi kavu na vichuguu vyekundu, kama mtu aliyetoka Lushoto akashukia Mombo. Ng'ombe wa huku ni wenye nundu, asili yao India. Mdogo wangu akaniuliza, "Dada, hapa si Dodoma hapa?"

Undara usiipite. Kiasi cha miaka 190,000 iliyopita volkano ilimwaga lava iliyosafiri hadi kilomita 160. Juu ikaganda, ndani ikaendelea kutiririka mpaka ikatoka yote, yakabaki mapango marefu kama mabomba. Huruhusiwi kuingia bila kiongozi. Tulilala hapo usiku mmoja. Kama ni leo ningelala miwili.

Normanton tulikaa saa chache. Kuna sanamu ya mamba ya mita 8.63, kumbukumbu ya yule aliyepigwa risasi mto Norman mwaka 1957. Ipo pia treni ya Gulflander iendayo Croydon mara moja kwa wiki, kwenye reli iliyokamilika 1891 isiyoungana na reli nyingine yoyote. Siku yake tuliikosa, na hilo ni kosa letu la kupanga.

Karumba nataka kuisema vizuri. Sisi watu wa Dar tumezoea jua linalotoka baharini. Pwani kubwa ya Queensland nayo inatazama mashariki kama yetu, lakini Karumba iko ng'ambo, kwenye ghuba, na jua linazama majini mbele yako. Siku hiyo tulinunua samaki aina ya baramundi na kamba wabichi. Mdogo wangu alikuwa amebeba tui la nazi la kopo, ndimu na pilipili. Nikampaka samaki, tukamla tumekaa mlangoni mwa gari hadi maji yakawa meusi. Kuoga hapana, mamba wapo, mabango yamejaa.

Usiku uleule betri ya friji ilikufa. Asubuhi kamba waliobaki walikuwa wanatoa harufu, maziwa yameganda. Simu ya kampuni tusingeweza kuipiga njiani, kwani sehemu kubwa ya kilomita 380 za kutoka Normanton kwenda Cloncurry hazina mtandao, na sheli ni moja tu katikati, Burke and Wills. Jaza tangi Normanton, na maji ya kunywa beba mengi.

Kipande hicho kina sehemu ambapo lami ni ya upana wa gari moja. Tuliona vumbi mbali, kisha lori la trela tatu, la zaidi ya mita 50. Desturi ni wewe mdogo utoke kabisa barabarani usimame, yeye abaki kwenye lami, maana magurudumu yake yakigusa changarawe mawe yanaruka na trela zinayumba. Tulitoka, tukafunga vioo, gari likatikisika lote. Dereva akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ndiyo salamu ya huko.

Cloncurry, fundi alipima betri akasema imechoka siku nyingi. Kampuni ililipia mpya, ila ilituchukua siku nzima. Tukaitumia kwenye makumbusho ya John Flynn, mwanzilishi wa huduma ya madaktari wa ndege: mji huu ndiko ndege ya kwanza ya madaktari wa huko iliruka Mei 1928, kwenda Julia Creek. Kwetu Afrika Mashariki huduma kama hiyo ilianzishwa 1957. Nikiwa nimetoka kuendesha mchana mzima bila simu, nilielewa kwa nini mtu aliwaza kumpakia daktari kwenye ndege.

Richmond wana mifupa ya reptilia wakubwa wa baharini wa kale, kwa kuwa nyika hii yote ilikuwa bahari miaka kama milioni 100 iliyopita. Kutoka hapo hadi Charters Towers ni kuendesha tu. Townsville tulipumzika kwa mdogo wangu, tukafua.

Pwani ya kurudi Cairns ni mashamba ya miwa, yakiwa kwenye mavuno wakati huo, vitreni vya miwa vikikatiza barabara. Tully wamesimamisha buti la mita 7.9, sawa na mvua waliyoipata mwaka 1950. Mission Beach, kasowari, ndege mkubwa asiyeruka mwenye pembe kichwani, alivuka mbele yetu na kifaranga wake. Tulizima injini tukangoja. Ukienda kati ya Novemba na Mei, oga ndani ya nyavu tu. Viwavi wa baharini wa huko wanaua.

Kampuni ilirudisha amana yote, pamoja na kodi ya siku moja kwa ajili ya betri. Nitakodi tena kwao, ila kabla ya kuondoka nitaiacha friji iwake saa mbili injini ikiwa imezimwa. Mwakani Mungu akijalia tunampeleka mama, na tumeshakubaliana ziwe siku 18, tukianza Jumanne ili treni ya Normanton isitupite.