Goodyear Endurance ST225/75R15: tairi la maili 87, mwendo wa maili 60

Ukichuchumaa kando ya trela la kuishi na kusoma ubavu wa tairi hili, baada ya ukubwa wake utakuta maandishi 117N. Hiyo 117 ni uzito: pauni 2,830, karibu kilo 1,284 kwa tairi moja likiwa na upepo wa psi 80 (pauni 80 kwa kila inchi ya mraba). Na hiyo N ni kasi: maili 87 kwa saa, yaani kilomita 140. Herufi hiyo moja ndiyo inayowavuta wanunuzi wengi, na ndiyo inayowapotosha wengi pia.

Kwa miaka mingi matairi ya trela, yale ambayo ukubwa wake huanza na ST, yalitoka kiwandani bila herufi yoyote ya kasi. Kanuni iliyofuatwa ni kwamba tairi la ST lisilo na herufi lisivuke maili 65. Marathon, tairi la trela ambalo Goodyear waliuza kabla ya hili, lilikuwa katika kundi hilo. Endurance likaingia sokoni mwaka 2017, likitengenezwa Marekani na likiwa na herufi N. Wenye trela waliokuwa wakichoka kubadilisha matairi kila baada ya safari mbili tatu walilipokea kwa mikono miwili, na walikuwa na haki.

Tuseme mapema: ni tairi zuri, na kwa trela la ekseli mbili lenye uzito wa pauni 6,000 hadi 8,000 tunalipendekeza bila kusita. Ila mtu anayelinunua ili aanze kuvuta trela kwa maili 75 analitumia vibaya. Nafasi iliyopo kati ya maili 60 unazokwenda na maili 87 zilizoandikwa ubavuni ndiyo bidhaa uliyolipia. Ukiitumia yote kwenye mwendo, umebaki mtupu siku upepo utakapopungua kidogo, au jua la Arizona litakapochoma lami, au mzigo utakapozidi upande mmoja.

Adui wa tairi la trela ni joto, na joto hutoka kwenye kukunjika. Kila sehemu ya ubavu inapofika chini hubonyea, ikiinuka hunyooka. Tairi la ukubwa huu lina mzingo wa karibu mita 2.26. Kwa maili 60 linazunguka kama mara 713 kwa dakika. Kwa maili 75, mara 890 hivi. Kila mzunguko ni kukunjika kumoja. Kukunjika kukizidi, joto linaingia kwa wingi kuliko linavyotoka, mpira unaanza kuachana na waya za chuma zilizo chini ya kashata, yaani tabaka la nje linalogusa barabara, na kashata nzima inachomoka kama ganda. Dereva wa trela la ekseli mbili mara nyingi hasikii kitu, kwa sababu tairi la pili linaendelea kubeba. Ile kashata iliyochomoka ndiyo huleta hasara kubwa: inapiga kama mjeledi ndani ya tao la gurudumu, inapasua sakafu, inakata nyaya za breki, mabomba ya maji machafu, na wakati mwingine bomba la gesi ya kupikia.

Ndiyo maana upepo ni nusu ya habari ya kasi. Pima asubuhi kabla jua halijapiga matairi na kabla gari halijasogea. Tairi lililojazwa psi 80 likiwa baridi hupanda karibu psi 2 kwa kila nyuzi 10 za Fahrenheit, kwa hiyo likipata joto la ziada la nyuzi 50 safarini, kusoma psi 88 au 89 ni jambo la kawaida. Usilipunguze. Anayepunguza upepo wa tairi lenye joto hujikuta kesho yake asubuhi ana psi 70, na hapo ubavu unakunjika zaidi na joto linarudi kwa nguvu. Kibandiko kilicho ubavuni mwa trela kinaonyesha upepo wa chini unaotakiwa. Usishuke chini yake hata siku moja.

Kuna jambo wauzaji wengi hawalisemi. Trela nyingi za ukubwa huu hutoka kiwandani na matairi ya daraja la mzigo C au D, yenye kikomo cha psi 50 au 65, na rimu zake huchaguliwa kulingana na hayo. Endurance la daraja E linafika psi 80. Geuza rimu uangalie nyuma yake, mara nyingi kikomo chake kimegongwa pale kwenye chuma. Ikiwa ni psi 65, basi kikomo chako ni 65 hata kama tairi linasema 80. Hujapoteza sana: kwa psi 65 tairi hili bado linabeba pauni 2,540, sawasawa na tairi la daraja D lililojaa. Na vali nazo zitazame. Zile fupi za mpira za kawaida hazikuundwa kwa psi 80. Zinazofaa ni za chuma, zinazokazwa kwa nati.

Sasa tupige hesabu ya mzigo, maana kasi salama haichaguliwi kabla ya mizani. Chukua trela ambalo likijaa lina pauni 7,600. Ulimi wake, yaani ile sehemu ya mbele inayokaa juu ya mpira wa kuvutia wa gari, ubebe kati ya asilimia 10 na 15. Tuseme 12, ambayo ni pauni 912. Zinabaki pauni 6,688 kwenye magurudumu manne, wastani wa 1,672 kila moja. Kwa tairi lenye uwezo wa 2,830 hiyo ni akiba kubwa. Lakini wastani hudanganya. Upande wenye jiko, friji na chumba kinachosukumwa nje unaweza kulemea upande wa pili kwa mamia ya pauni. Huko Marekani na Kanada, mizani ya CAT Scale kwenye vituo vya malori itakupa uzito wa ekseli za gari na za trela kwa safari moja tu ya kupita juu yake. Ukipata nafasi ya kupima kila gurudumu peke yake, ni bora zaidi.

Mizani hiyo hiyo ndiyo itakayokuambia kama trela lako litatikisa mkia. Na hapa herufi N haina msaada wowote.

Trela linalovutwa lina tabia ya kuyumba kushoto na kulia, na kila mtikisiko huzimwa na msuguano wa matairi na uzito ulio mbele. Kadiri mwendo unavyopanda, uwezo huo wa kuzima unapungua. Inafika kasi fulani, tofauti kwa kila trela na kila namna ya kupakia, ambapo mtikisiko haufi tena, unakua. Trela lenye ulimi wa asilimia 13 linaweza kutulia kwa maili 65. Trela lile lile, ukilijaza tangi la maji lililo nyuma ya ekseli na kufunga baiskeli nne kwenye bampa, linaweza kuanza kuyumba kwa maili 55. Tangi la galoni 40 likijaa ni pauni 334. Likiwa nyuma, linainua ulimi kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao. Safiri na maji kidogo, au hakikisha unajua tangi liko wapi.

Mtikisiko ukianza, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima bila kujaribu kuufuata mkia, na usikanyage breki za gari kwa nguvu. Tumia ule mkono mdogo wa kidhibiti breki kilicho ndani ya gari, unaowasha breki za trela peke yake, taratibu, hadi trela livutwe nyuma na kunyooka. Mkono huo uupime kabla ya safari: kwenye barabara kavu na tambarare, kwa maili 20 hadi 25, usukume mpaka mwisho na urekebishe nguvu hadi breki zishike kwa uzito lakini magurudumu yasifunge.

Breki nazo zina hesabu yao. Nguvu iliyomo kwenye mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi: kutoka maili 60 hadi 75 inapanda kwa asilimia 56, na sehemu kubwa yake lazima igeuke joto kwenye breki kabla hujasimama. Katika sekunde moja na nusu ya kushtuka tu, kabla mguu haujagusa breki, kwa maili 60 umeshakwenda mita 40. Kwa 75 umekwenda 50. Acha nafasi ya sekunde tano kwa gari la mbele. Itajazwa na magari madogo yanayokuchomekea. Ongeza nafasi tena, bila hasira.

Kwa hiyo, kasi gani? Kwa tairi hili, trela lililopimwa, barabara kavu na hewa tulivu, tunasema maili 60 hadi 62, kama kilomita 100, na 65 iwe dari. Upepo wa ubavuni ukianza kuinamisha nyasi, mvua ikinyesha, au njia ikiwa na viraka, shuka hadi 55 au chini zaidi. Trela la futi 25 lina ubavu wa karibu futi 200 za mraba. Lori likikupita kwa maili 75, hewa yake kwanza inakusukuma kando, halafu inakuvuta. Ukiwa kwenye 60 unausikia usukani na kuurekebisha kwa vidole. Ukiwa kwenye 70 unarekebisha kitu ambacho tayari kimeanza. Na kwenye mteremko mrefu punguza gia kabla ya kuanza kushuka, kwa sababu mteremko ndio mahali ambapo trela husukuma gari na mtikisiko hupata nguvu.

Mabango ya barabarani yasikuchanganye. Kwenye barabara kuu ya I-10 magharibi mwa Texas bango linaruhusu maili 80, lakini bango halijui kwamba unavuta trela. California, kinyume chake, gari lolote linalovuta trela halipaswi kuvuka 55. Uingereza ni 60 kwenye barabara kuu zilizotenganishwa katikati na 50 kwenye zisizotenganishwa. Mfano unaotufundisha zaidi ni Ujerumani: kawaida ni kilomita 80, na anayetaka kibali cha kilomita 100 lazima matairi ya trela yawe na umri chini ya miaka 6 na herufi ya kasi isiyopungua L, ambayo ni kilomita 120. Yaani kwenda 100, tairi liwe la 120. Hiyo ndiyo namna sahihi ya kuisoma herufi ya kasi.

Umri usomwe kwenye namba nne za mwisho za msimbo wa DOT ulio ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la trela huzeeka likiwa limesimama uani, kashata zikiwa bado nzima kabisa. Likifika miaka mitano likaguliwe kwa macho makali, sita, libadilishwe. Ukinunua Endurance, soma namba hiyo kabla fundi hajalifunga, kwa sababu duka linaweza kukupa lililokaa rafu miaka miwili.

Kasoro zake zipo. Bei yake ni ya juu ukilinganisha na matairi ya ST yasiyo na jina. Kwa psi 80 ni gumu, na trela jepesi litarukaruka hadi milango ya makabati ifunguke na skrubu zilegee. Kwa trela la pauni 4,000 tungechukua daraja la chini. Na faida yake huishia pale utakapofunga tairi la akiba: trela nyingi huja na la bei rahisi lisilo na herufi ya kasi, hivyo likishafungwa, dari yako ni 65, na kwa tairi lililokaa juani miaka mitano bila kuguswa, ni pungufu ya hapo. Nunua matano.

Baada ya kufunga matairi mapya, kaza nati kwa spana ya kupima nguvu, kwa mpangilio wa nyota, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha trela. Kisha zikaze tena baada ya maili 10, 25 na 50. Ukisimama kwenye hizo maili 50, elekeza kipimajoto cha miale kwenye kila tairi na kila habu, yaani kitovu cha gurudumu. Matairi manne yakikaribiana, endelea na safari. Tairi moja likiwa na joto zaidi ya wenzake, angalia upepo wake; habu moja ikizidi, ni beringi au breki inayobana, na hapo trela lisisogee mpaka gurudumu livuliwe likaguliwe.