Kerneli ya Linux 6.12: nyota nne kutoka Malaba

Nina duka la kuchapa, kutoa kopi na kuuza intaneti hapa Malaba, upande wa Uganda, karibu na foleni ya malori. Wateja wangu ni mawakala wa forodha, madereva wa masafa marefu na wanafunzi wenye ripoti za kuwasilisha. Kompyuta zote ni za mtumba, zote zinatumia Debian, mfumo endeshi uliojengwa juu ya Linux, na tangu Debian 13 ilipotoka Agosti 2025 zinaendeshwa na kerneli ya 6.12. Kerneli ni kiini cha mfumo, kinachounganisha programu na vifaa vya kompyuta. Wengi huisifu au kuilaumu kerneli kwa mambo makubwa yanayotangazwa toleo jipya linapotoka. Mimi naipima kwa marekebisho madogo yanayokuja baada ya hapo, yale ya 6.12.1, 6.12.2 na kuendelea, kwa sababu hayo ndiyo yanayoamua kama kesho nitafungua duka bila wasiwasi.

Kwa asiyejua utaratibu: Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, hutoa toleo kuu kila baada ya wiki tisa au kumi. Kila mwaka toleo moja huteuliwa litunzwe kwa muda mrefu, na 6.12, lililotoka tarehe 17 Novemba 2024, ni mojawapo. Greg Kroah-Hartman na Sasha Levin hulikusanyia viraka, yaani marekebisho madogo ya msimbo, na karibu kila wiki hutoka namba mpya. Kiraka hakiingii humo mpaka kwanza kiwe kimekubaliwa kwenye tawi kuu la Torvalds, na kinatakiwa kirekebishe kasoro ya kweli, au kiongeze namba ya kifaa kipya.

Hilo la namba za vifaa wengi hulipita, na kwangu lina uzito kuliko mengi. Intaneti yetu ya kawaida ikipotea, narudi kwenye modemu ya kuchomeka yenye laini ya simu. Kila modemu ina namba mbili, ya mtengenezaji na ya kifaa chenyewe, na ndani ya kerneli kuna draiva (programu ya kukiendesha kifaa) iitwayo option yenye orodha ndefu ya namba hizo. Namba ikikosekana kwenye orodha, modemu itawaka taa, utaiona ukiandika lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vilivyochomekwa, lakini mfumo hautajua uifanyie nini. Fundi atakuambia umeuziwa feki. Mara nyingi modemu ni nzima, ila imetoka juzi na hakuna aliyekwisha kuiandikisha. Basi mtu mmoja huko aliko hutuma mstari mmoja au miwili, Johan Hovold anayesimamia draiva za aina hiyo huupitia, na mstari huo hushuka hadi kwenye matoleo ya kutunzwa bila kungoja toleo kuu. Nilikuwa na modemu iliyolala kabatini tangu niinunue. Baada ya sasisho la kawaida niliichomeka tena, ikashika mtandao, na wakala aliyekuwa amesimama kaunta na makaratasi ya kontena akatuma nyaraka zake jioni ile ile. Sikulipa mtu yeyote kwa hilo, na aliyeandika mstari ule hatajua kamwe. Namshukuru hapa.

Jambo la pili ni usalama, na kwenye biashara kama yangu si hiari. Mtu nisiyemjua anakaa kwenye kiti changu, anatumia akaunti ya mgeni, na kwenye mashine hiyo hiyo kuna faili za wateja wengine. Kwa hiyo kasoro inayompa mgeni uwezo wa msimamizi mkuu inanigusa moja kwa moja. Kumbukeni kasoro iliyoitwa Dirty Pipe ya 2022. Max Kellermann alikuwa akifuatilia malalamiko ya faili za kumbukumbu (log) za seva zilizokuwa zikiharibika bila sababu, akachimba mpaka akafika ndani ya kerneli: tangu toleo la 5.8, mtu aliyeruhusiwa kulisoma faili tu angeweza kuandika juu yake. Aliripoti tarehe 20 Februari, na tarehe 23 zikatoka 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102 zikiwa na dawa. Dawa yenyewe ilikuwa mistari miwili ya kuweka thamani sifuri mahali iliposahauliwa. Siku tatu! Nimewahi kusubiri muda mrefu kuliko huo kupata wino wa printa.

Mengine nayataja kwa ufupi. Flashi za exFAT (namna ya kupanga faili kwenye flashi), ambazo zamani zilinilazimu kusakinisha programu ya pembeni, sasa zinafunguka zenyewe. Draiva nzuri iliingia na toleo la 5.7 mwaka 2020, na ya NTFS, mpangilio wa diski za Windows, ikafuata kwenye 5.15. Kompyuta zenye RAM ya GB 2 nimeziwekea zram, inayobana data ndani ya RAM yenyewe badala ya kuisukuma kwenye diski, na kivinjari hakigandi kama zamani. Na kwenye seva ndogo inayogawa intaneti nimewasha CAKE, utaratibu wa kupanga foleni za pakiti uliomo tangu 4.19 ya mwaka 2018. Dereva anaongea na mkewe Mombasa kwa video, mwingine anapandisha faili kubwa, na hakuna anayepiga kelele. Ukiwa na intaneti ndogo inayogombaniwa na watu wengi, jifunze CAKE kabla ya kununua bando kubwa zaidi.

Sasa linaloniudhi. Viraka vinavyoshushwa kwenye matoleo ya kutunzwa ni vingi mno, na mara nyingine kinashushwa kimoja bila kingine kinachokitegemeza. Mwisho wa Novemba 2023 ilitokea hivyo kwenye 6.1.64: rekebisho la ext4, mfumo wa kuhifadhi faili kwenye diski, lilishuka peke yake, badiliko jingine lililopaswa kwenda nalo likabaki kwenye tawi kuu, na matokeo yakawa hatari ya kuharibika kwa data kwenye diski. Debian walisimamisha toleo la 12.3 tarehe 9 Desemba, na kesho yake wakatoa 12.4 lenye 6.1.66. Waliirekebisha haraka, nawapongeza. Lakini ext4 ndiyo inayohifadhi kila kitu changu, na tawi hili la kutunzwa, linaloitwa thabiti, halikupaswa kabisa kufikisha kitu kama hicho kwa watu.

Ndiyo maana nina utaratibu, na nausihi kwa kila mwenye duka. Sasisho la kerneli linaanzia mashine moja, ile ya mlangoni isiyo na faili za mtu. Nikiiona imetulia, napeleka kwa nyingine. Kerneli ya zamani siifuti, kwa kuwa Debian inaiacha kwenye menyu ya kuwashia na unaweza kuirudia mara moja. Kiraka cha usalama wa dharura hakisubiri foleni hiyo. Na kwa kuwa bando si bure, seva yangu ina apt-cacher-ng: kifurushi kinapakuliwa mara moja, mashine nyingine zote zinachukua hapo.

Lawama yangu ya mwisho ni matangazo yenyewe. Kila toleo dogo linapotoka, ujumbe ni ule ule: wote mnaotumia mfululizo huu lazima msasishe. Chini yake ni orodha ndefu ya vichwa vya viraka, ambavyo asiyeandika kerneli hawezi kuvitofautisha. Tangu Februari 2024 timu ya kerneli inatoa yenyewe namba za CVE, yaani namba za utambulisho wa kasoro za usalama, nazo zimekuwa nyingi kiasi kwamba hazinisaidii tena kujua kipi cha leo na kipi cha wiki ijayo. Naelewa hoja yao, kwamba karibu kasoro yoyote ya kerneli inaweza kugeuzwa silaha na wao hawajui mimi naitumia wapi. Bado, watu wa duka na watu wa maabara za shule tunahitaji mistari michache ya lugha nyepesi.

Wenye mashine za kale za biti 32, Debian 13 haina tena kisakinishi chake kwa ajili yenu, ingawa kerneli yenyewe haijawatupa. Bakini Debian 12 kwa sasa. Wengine wote, chukueni 6.12. Nimeipa nyota nne. Ya tano nitaitoa siku tangazo litakapoanza kwa kusema kama ndani yake kuna kiraka kinachogusa namna data inavyoandikwa kwenye diski.