Kahawa Isiyo na Kafeini: Ipi Inunuliwe Kwanza na Mnywaji wa Kigoma

Mtu aliyezoea kahawa chungu ya jioni pale Ujiji, kikombe kidogo mkono mmoja na kashata mkono wa pili, hapendi kuambiwa aiache. Hata hivyo wapo wanaokesha kwa sababu yake, kwani huchukua takribani saa 5 kwa nusu tu ya kafeini kutoka mwilini, na kwa mjamzito muda huo hurefuka zaidi. Kwa ajili yao nimezipanga hapa kahawa zilizoondolewa kafeini, nikitanguliza afya kuliko bei.

Mnunuzi ajue kwanza kwamba kafeini haiishi kabisa. Kikombe cha kawaida kina miligramu 95 hivi, na cha kahawa iliyoondolewa kafeini huwa na kati ya 2 na 15. Kahawa ya Kalinzi, arabika nzuri ya mkoani kwetu, ina kafeini yake yote hata ikikaangwa mpaka iwe nyeusi tii, kwa hiyo muuzaji anayesema kwamba moto umeimaliza asisadikiwe.

Nafasi ya kwanza naipa kahawa iliyoondolewa kafeini kwa maji, kama ile yenye alama ya Swiss Water. Buni mbichi hutiwa katika maji yaliyokwisha kujaa viambata vingine vya kahawa, hivyo kafeini ndiyo inayohama, kisha hunaswa na mkaa maalumu, bila kemikali ya kuyeyushia. Ya pili ni iliyosafishwa kwa kaboni dioksidi yenye mgandamizo mkubwa. Kwa usafi haipitwi na ya kwanza, basi ukizikuta zote mbili chukua yenye bei nafuu. Ya tatu ni ya asetati ya ethili, kemikali ya kuyeyushia kafeini, ambayo mara nyingi hutokana na miwa. Ya mwisho ni ya methilini kloridi, kemikali nyingine ya kuyeyushia. Sheria ya Marekani inaruhusu mabaki yake yasiyozidi sehemu 10 katika milioni, na kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 40 hivi, kiasi kikubwa hutoweka wakati wa kukaanga. Lakini mwenye nafasi ya kuchagua hana sababu ya kuianza hiyo. Pakiti isiyotaja njia iliyotumika naiweka kundi hilohilo.

Kahawa ya kuyeyuka isidharauliwe. Kahawa ya kusaga inayochemshwa kwenye birika na kunywewa bila kuchujwa kwa karatasi hubaki na kafestoli, kiambata kinachopandisha lehemu katika damu, na kuondoa kafeini hakukiondoi. Katika kahawa ya kuyeyuka kiambata hicho ni kidogo sana, kwa hiyo mwenye lehemu nyingi na asiye na karatasi ya kuchujia achague hiyo.

Kina mama wajawazito nawasihi wanisikilize hapa. Kahawa, iwe na kafeini au isiwe nayo, ina polifenoli zinazozuia madini ya chuma kufyonzwa, na ndiyo madini yaliyomo katika vidonge vya kuongeza damu mnavyopewa kliniki. Kumeza kidonge kwa kahawa, au kuinywa papo hapo baada ya maharage na matembele, ni kujinyima damu. Ngojeni saa moja au mbili. Mwenye kiungulia naye asiahidiwe nafuu, kwa maana kahawa hii bado huchochea asidi tumboni. Tafiti zimeona kwamba wanaoinywa hupata kisukari cha aina ya pili kwa nadra zaidi, ingawa hilo halithibitishi kuwa kahawa ndiyo sababu, na vijiko vitatu vya sukari ni habari nyingine.

Dukani, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, uchague kopo dogo, kwa sababu unyevunyevu wa hewa ya ziwani huigandisha kahawa ya kuyeyuka upesi. Litikise kabla ya kulipa: unga mkavu husikika ukichezacheza ndani, na ulioganda hugonga kama jiwe.