Brashi na sabuni ya nazi kwenye ndevu: uzoefu wangu wa miezi minne hapa Mtwara

Jamani wenye vipele vya ndevu naomba msome hii. Mi ndevu zangu ni za kujikunja, nikinyoa tu zinaota zinarudi ndani ya ngozi, shingo yote inavimba na kuwasha, kinyozi anapaka spiriti inaunguza weee halafu wiki ijayo vipele viko palepale. Nimeacha foam ya kopo, sasa hivi ni brashi na sabuni ya mafuta ya nazi tu.

Brashi ya kwanza nilinunua duka moja hapa mjini, elfu nane, nikafika nyumbani ndo nasoma boksi limeandikwa boar, kumbe hizo ni nywele za nguruwe. Mi Muislamu siwezi kujipaka hiyo usoni, nikairudisha, muuzaji akagoma kabisa eti kishauzwa hakirudi. Iliniuma sana maana aliyepanga bidhaa alitakiwa aseme, kwa hiyo someni boksi kabla hamjalipa. Ya pili nikaagiza Dar ikaja na basi, hii ni ya sinthetiki, yaani nywele za kiwandani si za mnyama, laini, na inakauka haraka, jambo kubwa kwa huku pwani maana kitu kikikaa na unyevu bafuni kinaota ukungu.

Sabuni nanunua kwa mama mmoja Mikindani anatengeneza mwenyewe, haina manukato. Kisima chetu maji yake yana chumvichumvi, sabuni nyingi zinagoma kutoa povu zinaacha utando tu kwenye beseni, ila ya nazi inatoa, ndo maana hata mabaharia zamani walikuwa wanaogea sabuni ya nazi kwenye maji ya bahari. Nikipata maji ya mvua ndo raha zaidi.

Nalowesha brashi kwenye maji ya vuguvugu, naikung'uta, nazungusha juu ya sabuni kama nusu dakika. Mwanzo utaona mapovu makubwamakubwa yamejaa hewa, hapo bado, usikimbilie wembe, ongeza matone ya maji endelea kuzungusha mpaka liwe zito kama tui la kwanza, ukiinua brashi povu linasimama halidondoki. Halafu nasugua shingoni na kidevuni kwa mzunguko dakika mbili hivi, unazisikia kabisa ndevu zinalainika na zinanyanyuka, hapa ndo ninapoona tofauti na foam maana ile unapaka juu na kidole basi. Wembe nautelezesha kufuata ndevu zilivyolala, sipandishi, sikandamizi. Wiki ya tatu vipele vipya vikakoma, vya zamani vimebaki alama tu.

Kasoro ipo, inakausha ngozi, bila kupaka mafuta kidogo baadae uso unabana, na ukiwasha feni povu linakauka kabla hujamaliza upande wa pili. Inataka kama dakika kumi kwa hiyo asubuhi ya kukimbilia kazini hapana, mi nanyoa usiku.

Ukimaliza suuza brashi mpaka maji yatoke safi bila povu, ikung'ute, ining'inize nywele zikitazama chini, usiifungie kwenye boksi ikiwa mbichi. Mdogo wangu kaanza kuota ndevu na kila siku anaitolea macho brashi yangu, nimemuagizia ya kwake, brashi na wembe hatuchangii.