Farmasi ya mulango ya kijani, Kadutu: penye nanunuaka dawa yangu kila wiki mbili (nyota ine)

Bantu bananiulizaka kimya kimya, wengine ku telefone usiku, "dada, ile dawa yako unaipataka wapi?" Basi naandika mara moja kwa wote. Miye ni mushonaji hapa Bukavu, niko na ugonjwa ya akili yenye banaita bipolari, mara roho inapanda kupita kipimo, mara inashuka sana, huu ni mwaka wa saba. Nakunywaka karbamazepini asubuhi na mangaribi, Haldol nusu ya komprime mbele ya kulala, na Artane juu mikono isitetemeke. Kwa mwingine farmasi ni fasi ya kuingia siku malaria imemushika, kwangu hapana, miye naijua sawa vile najua duka ya uzi.

Iko ku njia ya kutelemuka toka soko ya Kadutu, mulango ya kijani, kando ya mama mwenye kuuzisha makala. Ni kadogo sana, bantu batatu bakiingia wa ine anabakia inje na mvua yake.

Mbele ya kuijua nilikuwa naendaka farmasi ingine, sitataja jina. Siku moja kijana wa kuuzisha alisoma odonansi yangu kwa sauti, kisha akamupigia mwenzake kelele kule nyuma, "leta ile dawa ya bachizi!" Na nyuma yangu ku mulango kulikuwa mama mwenye nilikuwa nashonea batoto wake nguo ya masomo. Nilitoka bila dawa, nikakaa wiki mbili bila kunywa kitu juu ya haya, na mwenye anakunywaka karbamazepini anajua haipashwe kukatwa gafla hivi, ugonjwa inarudiaka mbio. Ulirudia. Nguo ya yule mama sikuimaliza na hakunirudilia tena.

Huyu wa mulango ya kijani tunamwita Mama Farmasi, mama mutu muzima, miwani yake inafungwa na kamba ya viatu. Odonansi anaisomaka na macho tu, mudomo imefungwa. Komprime za bwati kubwa anazimwanga ku sahani ya bati, anazihesabia na kisu ya meza, anasukuma mbili mbili, ukimusemesha pale hakujibu mpaka amalize. Plaketi akiikata na makasi, kile kipande chenye hakina tarehe ya kuisha anachukua biki anaandika tarehe nyuma, pole pole, ata kama muko bantu kumi. Nimetembea farmasi mingi hapa muji, sijaona mwingine mwenye kufanya hivi.

Sasa niwaambie habari ya sindano yangu ya kushonea. Ku mwanzo Haldol ilinikaza shingo na mikono ikaanza kutetemeka, uzi inakataa kuingia ku tundu ya sindano, namwita mutoto wa jirani anitilie uzi kila saa, mushonaji muzima na miaka yangu yote ku mashini! Nilizani ni ugonjwa njo inazidi, nikasema moyoni basi naacha dawa yote. Nikamwambia Mama Farmasi tu vile nalipa. Akaniambia, "Mama, hiyo haiko ugonjwa, hiyo ni Haldol. Usiache. Rudia kwa dokta na umwambie habari ya sindano hivi hivi vile umeniambia." Hakuniuzisha kitu, angeweza kuniuzisha. Nilirudia SOSAME, opitali ya ugonjwa ya akili, ile ya Bafrere wa Charité, penye nilitibiwaka, nikaeleza, dokta akaongeza Artane. Kisha siku kadhaa niliketi ku mashini, nikalamba uzi, nikaitia mara ya kwanza tu. Nilikaa pale naiangalia.

Siku ingine niliomba komprime za kupanga uzazi. Akasimamisha mukono ku kabati, akaniuliza kama karbamazepini nakunywa bado, akaniambia ile dawa inapunguzaka nguvu ya hizi komprime za uzazi, unaweza ukashika mimba na unazikunywa vizuri kila siku. Akanituma sante, niulizie njia ingine. Tangu nianze dawa hakuna muntu alikuwa amenisemea hiyo neno, na miye sikujua ata kuuliza.

Lakini kitu yenye ilinifunga na ile farmasi ni mwezi ya munane 2024. Kila mushonaji anajua ile mwezi, masomo iko karibu kufunguka, bazazi wote banakumbuka siku moja kama mutoto hana shati nyeupe na sketi ya bleu. Nilikuwa nashona mpaka saa nane ya usiku, saa kumi nimeisha kuamuka, na sikuwa nachoka, kwangu njo kulikuwa kuzuri, mawazo inakimbia, nikanunua mabeseni matatu na uzi ya rangi sijui kumi na mbili na hakuna mwenye alikuwa ameziomba. Nikafika kwa Mama Farmasi mbele afungue, nasema nasema, nikamwambia nataka kufungua ateliye tatu, moja Goma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza neno moja tu:

"Mama, usiku ulilala saa ngapi?"

Nikamujibu usingizi ni ya bavivu. Hakubishana. Akanipa kikombe cha chai, akaniketisha ku benchi, akasema, "Ulinipaka namba ya yaya yako ukiwa muzima, ukaniambia siku nitaona hivi nimwite. Namwita." Ni kweli nilimuambiaka hivyo, ni miye mwenyewe niliandika ile namba ku kaye yake. Ile asubuhi nilimuita mulozi, mbele ya bantu, nikamwanga chai. Akaita. Yaya akakuja na pikipiki, tukaenda kwa dokta, wakageuza dozi, na mara hii hawakunilalisha opitali. Mara za mbele nilikuwa nalalaka mwezi na zaidi, mashini inakaa na kifuniko, kiliya wanaenda kwa mwingine.

Kisha wiki mbili nilirudia pale, miguu haitaki kuingia. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba musamaha. Akainua macho, "Sasa unalala?" Nikasema ndiyo. Akachukua sahani yake na kisu.

Nyota ya tano naizuia, na nina sababu. Siku ya posho anaachaka binti mwingine, mupole lakini hajui kazi vizuri, mara moja alinipa karbamazepini ya bwati ingine kabisa bila kunieleza ni ileile dawa, nikakaa nyumbani naogopa kuikunywa mpaka kazi tatu. Hapana fasi ya kusemea pembeni, yote unaisemea ku benchi na bantu banasikia, miye nimezoea lakini mutu wa siku ya kwanza atarudia nyumbani na neno yake ku tumbo. Umeme ikikatika mangaribi anahesabia na tochi ya telefone. Na kredi hakuna, usijaribu.

Bei pia imepanda. Mwezi ya pili 2025, wakati muji ulichukuliwa na waasi wa M23, maduka ilifungwa, banki ikafungwa, meli ya Goma ilikuwa imesimama, dawa haikukuwa na njia ya kuingia. Mama Farmasi alifungua nusu mulango siku ya ine ao ya tano, sikumbuki vizuri. Nilimuomba ya mwezi, nilikuwa nimekopa franka. Akanipa ya siku kumi. Nikalia pale pale, nikamwambia unanifanyia hivi juu gani, wewe mwenyewe unanijua. Akafungua ile kaye, akanionesha mustari kwa mustari, bila majina, mwenye kifafa, mwenye kifafa, wa kama miye, mutoto wa miaka sita wa kifafa, akasema kila mutu siku kumi, kisha kumi turudie tuone. Ilifika. Hakuna siku nilikosa komprime mu ile wakati yote, na najua bantu wa kunikaribia walikosa.

Wengine hapa watasema, kwa nini hauende kuombewa. Nilienda. Familia walinipeleka chumba ya maombi wiki tatu, wakanifungisha kula, na dawa wakanikataza, nikatoka pale nimekonda na siko najua siku gani. Miye nasali, kila siku ya Mungu niko kanisani na kwaya naimba, na dawa nakunywa, na bugali na sambaza juu isinichafue tumbo.

Kama unaenda, enda kazi moja mpaka kazi tano, mbele ya saa tatu ya asubuhi, kungali watu kidogo na yeye mwenyewe iko. Beba odonansi, na ubebe plaketi ya zamani ata kama imeisha, juu anapenda kulinganisha jina na miligrama mbele akupe. Kama uko na ndugu mwenye unaaminia, mupe namba yake ile siku uko muzima. Ana kaye ya kifuniko cha bleu, iko chini ya sahani.